Betri ya haibridi hudumu miaka mingapi? Yaliyonikuta na Aqua yangu Mombasa

Ndugu, umeuliza Toyota Aqua ya 2017 uliyoiona yadi, yenye kilomita 90,000, itakupa miaka mingapi kabla betri kubwa, ile inayoendesha mota ya umeme, haijafa, maana shemeji yako amekutisha kwamba haibridi ni gari la kutumia na kutupa. Mimi naendesha Aqua hapa Mombasa tangu 2019, na betri imeshanifia mara moja, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa.

Langu ni la 2012, mita ilisoma 78,000 liliposhuka bandarini. Miaka minne sikuligusa ila oili na breki. Mwanzoni mwa 2023, mita ikiwa 161,000, vile vijisanduku vya chaji kwenye dashibodi vikaanza vituko. Naingia daraja la Nyali vimejaa, kufika katikati vimebaki viwili, na dakika moja baadaye vimejaa tena. Betri iliyochoka huwa kama ndoo iliyojaa mawe: hujaa upesi na kuisha upesi kwa sababu nafasi ndani imebaki ndogo. Feni ya nyuma inayopoza betri nayo ikawa inavuma kama kikaushia nywele cha saluni, na kutoka kilomita 20 kwa lita nikashuka hadi 15. Nikapuuza. Jumamosi moja kwenye foleni ya feri Likoni, jua la saa saba, AC ikiwaka, taa ya onyo ya pembetatu nyekundu ikatokea.

Mashine ya fundi ilisoma kosa P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Kuna mafundi wakiiona namba hiyo tu wanakuuzia betri nzima. Wa kwangu, Mungu ambariki, alisema tufungue kwanza. Alichomoa plagi ya usalama, akavaa glavu nene, akatuweka dakika kumi tukitazamana, kwa kuwa umeme hubaki kwenye kapasita hata ukishakata. Kijana wake alitaka kupitisha mkono kwenye nyaya za rangi ya chungwa akafokewa mpaka jirani wakasikia. Ile ni volti 144, inaua.

Betri ya Aqua ina moduli 20, kila moja volti 7.2, na ndani ya kila moduli mna seli sita. Fundi alipima moja moja akiandika kwa kalamu juu yake: 7.9, 7.9, 7.8, 7.9... kufika katikati, 6.7 na 6.6. Seli moja ni volti 1.2, kwa hiyo hesabu inajisema: kila moja ya hizo mbili ilikuwa na seli moja iliyokufa. Nyingine 18 nzima. Vibati vya shaba vinavyoziunganisha vilikuwa vimeota kutu ya kijani, chumvi ya pwani hiyo.

Kisha akanionyesha tundu la hewa chini ya kiti cha nyuma. Tulitoa donge la ukubwa wa andazi: vumbi, nyuzi za zulia, mchanga wa ufukweni na maganda ya njugu ya wanangu. Betri ilikuwa inapumulia hapo. Moduli za katikati ndizo hupata joto zaidi kwa kuwa zimebanwa pande zote, na ndizo zilizokufa.

Kwa hiyo kilomita zisikusumbue sana. Kompyuta ya Toyota hairuhusu betri ijae kabisa wala iishe kabisa, ndiyo maana haichoki kama ya simu. Kinachoimaliza ni joto na umri, na gari la kukaa miezi uani bila kuwashwa nalo linaiumiza. Kule Marekani Toyota wanaidhamini betri ya haibridi kuanzia matoleo ya 2020 kwa miaka 10 au maili 150,000, yaani kama kilomita 240,000. Mtumba wetu hauji na dhamana hiyo, lakini unaona mwenye mali mwenyewe anaitegemea kiasi gani. Yangu ilifika miaka 11, na naamini ningeisafisha feni ingeenda zaidi.

Foleni ya feri nayo ina lawama, na hili wengi hawalijui. Usikae na gia ya N huku AC inawaka. AC ya Aqua inakula betri kubwa, na kwenye N injini haiwezi kuichaji. Weka P.

Tulibadilisha zile mbili kwa moduli za mtumba. Miezi mitano, ikafa nyingine. Hapo nikaelewa kwamba moduli za umri tofauti kwenye sanduku moja ni kama kuziba mtumbwi mkongwe: unaziba hapa, maji yanaingia pale. Nikanunua betri nzima iliyotoka kwenye Aqua changa iliyogongwa mbele, na nashukuru. Kama gari utakaa nalo, usianze na viraka kama mimi.

Kabla hujaambiwa betri kubwa imekufa, pima pia ile ndogo ya volti 12. Ikichoka, dashibodi yote inawaka taa kama harusi na gari halikubali kuwaka. Jirani yangu nusura auziwe betri kubwa kwa shida iliyoishia kwenye betri ndogo. (Haya yote ni ya Aqua. Nissan Note e-Power na Honda Fit haibridi ya GP5 zina betri za lithiamu, waulize wenye nazo.)

Sasa hilo lako. Inua kiti cha nyuma, mulika tundu la hewa. Chukua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosomeka kwa simu, washa AC, liendeshe nusu saa likiwa na watu wanne, likanyage kwenye mlima. Mimi nikiona kipande kimoja cha betri kimeachwa na wenzake karibu volti nzima wakati wa kukanyaga, naondoka, au bei ishuke kwa thamani ya betri. Vijisanduku vikipanda na kushuka polepole, hiyo 2017 bado ina miaka mizuri mbele. Ukiwa bado hujalipa, piga picha ya hilo tundu uiweke hapa tuione.