Mgeni kwenye Bounty Day ya Norfolk
Je, mgeni anaruhusiwa kutazama Bounty Day kisiwani Norfolk, kisiwa cha Australia kilichoko Pasifiki? Ndiyo. Sikukuu hii ina jina la Bounty, meli ya Waingereza ambayo mabaharia wake waliasi. Ni tarehe 8 Juni, ukumbusho wa watu 194, wazao wa waasi hao, waliohama kisiwa cha Pitcairn kwa meli ya Morayshire wakafika hapo mwaka 1856. (Ile ya Pitcairn ni 23 Januari, huko huchoma mfano wa meli ya Bounty.) Asubuhi wahi gatini Kingston. Wazao wa wahamiaji hao, wamevaa mavazi ya enzi hizo, huigiza kuteremka, kisha huandamana hadi makaburini kuimba tenzi. Hapo shusha kamera, wanazuru wazee wao. Chakula cha mchana ndani ya kuta za gereza la zamani ni cha koo za wazao hao; usijikaribishe, subiri uitwe. Ndege hutoka Sydney na Brisbane, kata tiketi mapema.