Chupa ya chai chini ya kitanda

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iwapo shangazi yako anywe dawa za miti shamba huku akipigwa mionzi ya saratani ya koo. Nitakujibu, ila kwanza nikusimulie jambo la mjomba wako ambalo hujalisikia lote.

Unakumbuka alipigwa mionzi mara 35, siku tano kwa juma, kwa majuma saba. Usilolijua ni kwamba juma la nne, vidonda vilipokwisha kujaa kinywani hata kumeza mate kukamtoa machozi, nilikuwa nikichemsha magome ya mwarobaini, nikayatia kwenye chupa ya chai na kuificha chini ya kitanda, imeviringishwa khanga. Daktari aliniuliza mbele yake kama anatumia dawa nyingine yoyote. Nikasema hapana. Mjomba wako alinitazama, kisha akainamisha uso. Siku chache baadaye damu ilipopimwa, figo zilionekana zimezidiwa, na sindano za sisplatini, dawa ya saratani aliyokuwa akidungwa pamoja na mionzi, zikasitishwa. Sindano hizo zenyewe huumiza figo. Daktari angepambanuaje kama kosa ni la sindano au la chupa yangu, ilhali hakujua kwamba chupa ipo?

Mficha uchi hazai, mwanangu. Sisemi miti haina dawa: paklitakseli, ambayo madaktari huitumia hata kwa saratani za kichwa na shingo, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Na ile asali aliyokuwa akiizungusha kinywani polepole, kwa ruhusa ya muuguzi, ndiyo iliyomwezesha kumeza vijiko vitatu vya uji, nilivihesabu. Lakini asali haikufichwa. Hata hivyo nisijihukumu kupita kiasi, kwani nilikuwa nimemwona mama mmoja wodini akikaripiwa kwa sababu ya dawa za kienyeji, nami nikaogopa. Hapana, hofu ile haikunipa haki ya kudanganya. Mficha uchi hazai.

Basi, anywe? Neno «asinywe» nimeliandika mara mbili nikalikata, kwa kuwa mwili ni wake na shangazi yako ni mtu mzima. Ila chochote atakachopewa, kiwe jani au unga, mkipeleke kwa daktari kabla hajakionja, wala asikose hata siku moja ya mionzi kwa safari ya kwenda kwa mganga. Jumatatu mkiingia kwa daktari nipigie, uiache simu wazi mezani. Nataka nisikie akiulizwa lile swali, na atakavyolijibu.

Mama yako