Maswali ya wapiga picha za sherehe

Shikamoo kaka. Kamati ya harusi inataka kunilipa baada ya sherehe, eti michango bado inaingia. Nikubali? (Morogoro)

Marahaba. Usikubali. Kamati ina mwenyekiti na mweka hazina mpaka siku ya harusi. Ikishavunjwa, deni lako linabaki kwa maharusi ambao hawakukaa nawe kupatana bei. Dai nusu siku unapowekewa tarehe, maana tarehe hiyo utawakatalia wengine, na iliyobaki imalizwe kabla hujaingia ukumbini. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: wapiga picha wangapi, video ya urefu gani, albamu ngapi, kazi inakabidhiwa lini. Kinachosahaulika zaidi ni saa ya kumaliza. Sendofu iliyoandikwa saa 12 jioni huanza saa 2 usiku, na foleni ya zawadi ikirefuka wewe bado umesimama na kamera begani. Bei ya saa ya ziada iwemo.

Ukumbini nyuso zinatoka giza au zambarau, na video ina mistari inayotembea. Kamera yangu mbovu? (Mwanza)

Kamera ni nzima. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera iliyoachwa kwenye otomatiki hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Pima mwanga usoni, kisha hakikisha nakshi za gauni bado zinaonekana.

Zambarau nayo mara nyingi hutoka darini. Mpambaji amefunika dari kwa vitambaa, wewe unaelekeza flashi juu, mwanga unakurudia na rangi ya kitambaa. Igeuzie kwenye ukuta mweupe. Kama ni taa za mapambo zenyewe, muombe MC meza kuu iwashiwe taa nyeupe wakati wa keki.

Mistari ni ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50 ya sekunde. Zipo taa za LED zenye mpigo wake wenyewe, kwa hiyo fika mapema ujaribu ukumbi ukiwa mtupu.

Nimepiga picha kwenye singo (shughuli ya kumsinga bibi harusi) ya wanawake pekee. Naweza kuweka picha Instagram kutangaza kazi? (Dada wa Tanga)

Bila ruhusa, hapana mdogo wangu. Mama aliyevua baibui akacheza alijua mlango umefungwa, na ruhusa ya bibi harusi haimhusu shangazi yake. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Tangaza kwa mikono yenye hina na piko, mapambo, sinia za zawadi. Na kama anayekuhariria video ni mwanamume, wenye shughuli waambie kabla hawajakulipa. Wanawake wengi huchagua mpiga picha wa kike kwa sababu hiyo tu.

Droni je? (Arusha)

Isajili na uombe kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Usiipitishe juu ya vichwa vya wageni.

Nifute kadi ya kamera lini? (Dodoma)

Mteja akishapokea kazi yake yote na kuifungua. Kabla ya hapo, nakili usiku uleule kwenye diski mbili, na zisilale kwenye begi moja.