Picha za vitu vya wazee wetu: tukubali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo limetuandikia. Linataka kuskani vitu vya wazee wetu vilivyo ghalani mwake, livitie kwenye intaneti, nasi tutume maelezo. Nusu ya kamati inakubali. Nusu inasema virudishwe kwanza. Tufanyeje?
Katibu, kamati ya wazee

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miaka 19 nimekuwa nikipiga picha vitu vya makumbusho, na nakusihi: msitume maelezo kwa barua. Wazee wafike ghalani wenyewe.

Kuna kikapu nilichokipiga kutoka juu, kadi yake ikisema "matumizi hayajulikani". Bibi mmoja wa jamii iliyokisuka alipofika alikigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. "Aliyesuka hiki alitumia mkono wa kushoto," akasema, akatuonyesha ukindu ulivyopinda kinyume. Kitako hicho sikuwa nimekipiga hata picha moja! Kisha akaanza kuimba, akakatiza: "Huu hauandikwi." Tukazima kinasa sauti. Hadi leo rekodi ya kikapu kile ina mahali patupu, na nitapalinda.

Nanyi pahali kama hapo mpapiganie. Kabla kamera haijatolewa mkobani, mkataba useme nani anaamua kipi kionwe na nani, faili kamili mkabidhiwe, na hatimiliki ya picha, ambayo mara nyingi humwangukia mpigaji au mwajiri wake, izungumzwe. Wakisema mfumo wao hauwezi kupanga nani aone nini, watajieni Mukurtu. Programu hiyo ya kompyuta ilianzia kwa Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, na jina lake ni la mfuko ambamo wazee wao walihifadhi vitu vitakatifu. Jamii yenyewe ndiyo hupanga picha ipi ionwe na wanawake tu, ipi na wanaume, ipi na ukoo fulani.

Wanaodai virudishwe wana haki, na kuskani kusiwanyamazishe. Taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Marekani iliurudishia ukoo wa Dakl'aweidi, Watlingit wa Alaska, kofia yao yenye umbo la nyangumi muuaji mwaka 2005. Baadaye, kwa ridhaa ya ukoo, kofia ikaskaniwa na nakala ya mbao ikachongwa. Iliyobaki makumbusho ni nakala. Kwa hiyo andikeni wazi kwamba kukubali picha si kuacha dai.

Nauli ya wazee ilipwe na makumbusho. Na kwenye msafara watangulizeni wanaopinga. Wao ndio watakaosema kipi kisiguswe na kamera.