Madoa kwenye rangi ya lulu: tujue kwanza doa liko tabaka gani

Barua zilizochaguliwa safari hii zote zinahusu magari meupe ya lulu, rangi inayopendwa sana na waagizaji wa magari kutoka Japani na inayowasumbua mafundi wengi pale inapopata hitilafu.

SWALI: Nina Toyota Harrier nyeupe ya lulu. Tangu nihamie mtaa wenye karakana za kuchomelea mageti, boneti na paa vimejaa vitone vya kahawia visivyofika hata milimita moja. Nimeosha kwa shampuu mara nyingi, lakini havitoki. Fundi rangi ameniambia kwamba bodi inaoza kutoka ndani na kwamba rangi yote ikwanguliwe ipigwe upya. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa maelezo yako, sidhani, na ushahidi unao mwenyewe. Kagua bampa ya mbele, hasa sehemu yake inayoelekea juu. Bampa hiyo ni ya plastiki, na plastiki haishiki kutu. Kwa hiyo ukikuta juu yake vitone vilevile vya kahawia, ujue kwamba kutu hiyo haikutoka kwenye bodi, bali imeangukia juu ya rangi. Chanzo kinachoelekea zaidi ni mashine za kukatia na kusagia chuma katika karakana hizo. Chembe ya chuma hurushwa ikiwa ya moto, ikatua kwenye rangi na kujishikiza humo, kisha unyevu wa pwani wenye chumvi huigeuza kuwa kutu. Ndiyo maana vitone vimejaa kwenye boneti na paa, yaani sehemu zilizolala, kuliko milangoni.

Fanya jaribio jingine. Osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti bila kukandamiza. Mfuko huo hukuwezesha kuhisi vitu ambavyo kidole kitupu hakivihisi. Ukihisi mikwaruzo kama ya punje za mchanga, uchafu umekaa juu ya rangi. Ukihisi uso laini kabisa huku doa likionekana, tatizo limezama ndani ya matabaka, na hapo shauri ni jingine.

Nasisitiza matabaka kwa sababu rangi ya lulu ya kiwandani kwa kawaida hupigwa kwa hatua tatu juu ya praima, yaani rangi ya msingi. Kwanza ni nyeupe ya kawaida. Juu yake ni tabaka jembamba linalopitisha mwanga, lenye vipande vidogo sana vya madini ya maika vilivyovikwa titani dioksidi. Na mwisho ni klia, yaani tabaka la juu linalopitisha mwanga kama kioo. Mng'aro unaobadilika kadiri unavyozunguka gari unatoka kwenye lile tabaka la kati, na kinacholilinda ni klia ambayo kwa magari mengi ina unene wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 40 hadi 50 tu. Anayesugua vitone hivyo kwa msasa au kwa mashine ya polishi anakula klia, na akiimaliza anaingia kwenye lulu, ambayo haiwezi kurudishwa kwa polishi ya aina yoyote. Kwa rangi ya namna hii, kitambaa cha polishi hakipaswi kubeba weupe wa rangi yenyewe. Kikianza kuubeba, mwambie fundi asimame hapo hapo.

Dawa ya tatizo lako ni kioevu cha kuyeyushia chembe za chuma, ambacho huuzwa pia kwa kusafishia rimu. Kinapokutana na chuma hugeuka zambarau, kwa hiyo ni tiba na kipimo kwa pamoja. Kitumie kivulini, bodi ikiwa imepoa, ukiwa umevaa glavu, na ukisuuze kabla hakijakauka. Vitone vitakavyobaki hutolewa kwa udongo laini wa kusafishia rangi ya gari (clay bar), ukiutelezesha juu ya maji mengi ya shampuu. Ukikuangukia chini, utupe, kwa maana mchanga ulionasa humo utachora rangi. Usikubali gari lako lisafishwe kwa maji ya betri wala lisuguliwe kwa sufi ya chuma kama sufuria. Kisha paka nta, na ukiweza, badilisha mahali pa kuegesha.

Kutu ya ndani ina tabia nyingine. Huanzia kwenye kingo, kwenye maungio au mahali palipopigwa na jiwe. Rangi huvimba kuzunguka doa, na ukilifuta hurudi palepale. Hilo ndilo la kupeleka gereji. Fundi anayetoa bei kabla gari halijaoshwa hajakagua chochote.

SWALI: Mlango wa nyuma wa gari langu uligongwa, ukanyooshwa na kupigwa rangi kwa kutumia namba ya rangi iliyo kwenye gari. Nikisimama mbele yake, unafanana na milango mingine, lakini nikiutazama kwa upande unaonekana umefifia na una kama mawingu. Pia kuna vishimo vidogo. Gereji inasema gari limechakaa ndiyo maana rangi hazilingani. Nidai nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Uchakavu unaweza kuchangia, lakini hauleti mawingu. Namba ya rangi humwambia fundi achanganye nini. Haimwambii apige mikono (yaani mipako) mingapi ya lulu, wala bunduki yake ya kupulizia rangi iwe na shinikizo gani. Kwa rangi ya hatua tatu, idadi ya mikono ndiyo inayoamua kivuli cha mwisho: kila mkono wa lulu huongeza vipande vya maika juu ya nyeupe na kubadilisha jinsi mwanga unavyorudi. Mlango unaolingana kwa mbele na kutofautiana kwa upande mara nyingi umezidishiwa au umepunguziwa tabaka hilo. Mawingu nayo hutokea pale bunduki inapopitishwa bila usawa, au tabaka linapopigwa likiwa majimaji mno, vipande vikaelea na kukusanyika sehemu moja.

Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: je, walipiga kadi ya majaribio? Fundi makini huchukua kadi iliyopigwa nyeupe, akapiga sehemu moja mkono mmoja wa lulu, nyingine miwili, nyingine mitatu, akamalizia kwa klia, kisha akailinganisha na gari juani na kivulini, kwa pembe tofauti, kabla ya kugusa mlango wenyewe. Baada ya hapo lulu haikatwi ghafla kwenye ukingo wa mlango; huvutwa taratibu hadi kwenye mlango wa mbele na ubavu wa nyuma, ndipo sehemu zote hizo hupigwa klia. Kazi hiyo ni ghali zaidi, na wanaokataa kuilipia wasishangae kuona mlango umejitenga.

Vishimo vitazame kwa kioo cha kukuzia. Kishimo cha duara chenye kingo zilizojikunja kinaonyesha kulikuwa na mafuta au silikoni, pengine kutoka kwenye dawa ya kung'arisha dashibodi iliyopuliziwa karibu. Tundu dogo mno linaonyesha tina (kiyeyushio cha rangi) ilinaswa chini ya klia iliyopigwa nene au kuharakishwa kwa joto. Malengelenge huashiria unyevu, na kwa Mombasa wa kwanza kushukiwa ni kompresa isiyotolewa maji. Yote matatu ni kasoro za upigaji, kwa hiyo dai mlango upigwe upya bila malipo.

SWALI: Naosha gari kwa maji ya kisima na limebaki na vipete vyeupe. Nipige polishi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Bado. Hayo ni madini yaliyobaki maji yalipokauka juani. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowanisha kitambaa, kiweke juu ya vipete kwa dakika chache, kisha suuza vizuri. Vikibaki, vimwagie maji: vikitoweka vikiwa vimelowa na kurudi vikikauka, uso wa klia umelika kidogo na polishi nyepesi itatosha. Kuanzia sasa kausha gari kwa kitambaa mara tu unapomaliza kuosha.

SWALI: Rangi ya paa la Toyota yangu inabanduka vipande vikubwa, ingawa haijawahi kupigwa upya. Namba ya rangi hiyo ni 070. Je, kosa ni langu au la waosha magari?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Huenda si kosa lako wala la waosha magari. Toyota yenyewe ilieleza kwamba kwenye baadhi ya magari yake yenye rangi namba 040 na 070, mwanga wa jua kwa muda mrefu unaweza kudhoofisha mshikamano kati ya praima na tabaka la chini kabisa la kiwandani, ikaweka mpango wa kupiga rangi upya kwa baadhi ya magari hayo nchini Marekani. Kwako, kuziba kipande kimoja kimoja ni kupoteza fedha, kwa sababu rangi iliyo pembeni nayo imeshaachia. Paa zima likwanguliwe hadi mahali panaposhika imara, lipigwe praima mpya, kisha nyeupe, lulu na klia. Hadi siku ya kazi hiyo, usiruhusu mashine ya kuoshea kwa shinikizo kusogezwa karibu na kingo zilizobanduka.