Ukienda kumtembelea mwanao chuo cha sanaa Bagamoyo

Kabla ya kukata tiketi, mwombe mwanao ratiba ya mazoezi. Usiombe ratiba ya masomo peke yake, maana anayesoma ngoma, maigizo au muziki hutumia jioni nyingi na Jumamosi nyingi mazoezini, na ukifika siku ya mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho utamwona kwa dakika kumi langoni, jasho likimtoka, akili yake ikiwa jukwaani. Siku nzuri ni ile ambayo wanafunzi wanaonyesha kazi mbele ya watu. Mpigie wiki mbili kabla, umuulize: kuna onyesho la darasa au upimaji wa vitendo unaoruhusu wageni? Ukilipata hilo, mengine yote ya safari yazungushe humo.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Ni cha serikali. Kwa hiyo ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa benki au simu. Mtu yeyote akikuambia umpe fedha mkononi ili "akusaidie kulipa", mshukuru, kisha omba kumbukumbu namba.

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70. Magari ya abiria yapo kituo cha Makumbusho, nayo hupita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Umbali si tatizo. Foleni ya Mwenge hadi Tegeta ndiyo inayokula muda. Ukiondoka kabla ya saa moja asubuhi utakwenda kinyume cha msururu unaoingia mjini, lakini ukiondoka saa kumi jioni utaburuzwa pamoja na wanaorudi makwao. Anayetoka Arusha, Moshi au Tanga hana haja ya kushuka hadi Dar: ashukie Msata, apande gari la Bagamoyo kwa barabara ya lami ya kilomita 64. Anayetoka Morogoro au Dodoma ashukie Chalinze, aende Msata, kisha Bagamoyo. Wageni wengi hawalijui hili, wakapoteza nusu siku.

Sasa zawadi. Akina mama hufika na hotipoti ya pilau saa tisa, na onyesho ni saa kumi. Mtoto hawezi kukataa chakula cha mama, atakula, kisha atacheza ngoma ya kuruka na tumbo limejaa. Mcheza ngoma anatakiwa awe amekula mlo kamili muda wa saa mbili au tatu kabla ya kucheza. Pilau ipo, ila ipe nafasi baada ya onyesho, na ipike ya kutosha wenzake wanne watano, kwa sababu hataila peke yake. Vitu vinavyomfaa kweli ni vile vinavyoisha: kanga mbili za mazoezi, mafuta ya kuchua, bandeji ya kufunga kifundo cha mguu, plasta za nyayo. Kwa anayechora, muulize kwanza anatumia rangi gani. Rangi ya mafuta na rangi ya maji hazichanganyiki, na ukimletea isiyo yake umemletea mzigo.

Ukumbini, vua viatu kabla ya kukanyaga sakafu ya jukwaa, hata kama umekaribishwa kupiga picha. Bagamoyo ni mchanga mtupu, na punje chache chini ya soli yako zinatosha kumtelezesha anayecheza pekupeku. Zima mwanga wa kamera. Usimwite mwanao kwa jina akiwa anacheza.

Onyesho likichelewa, angalia pembeni kabla ya kulalamika. Hewa ya bahari ina unyevu, na ngozi ya ngoma ikinywa unyevu hulegea, sauti ikawa kama ya debe lililojaa nguo. Wapigaji huziwekea ngoma moto wa makuti makavu ili ngozi ikaze tena. Ngozi ya mbuzi, kwa kuwa nyembamba, hukaza upesi na sauti yake ni kali. Ya ng'ombe ni nzito, huchukua muda, sauti yake iko chini. Ukiona vijana wamechuchumaa wakizungusha ngoma motoni na kuipiga kidogo kidogo kwa vidole, hapo ndipo kazi inapoanza. Sogea uangalie.

Jambo jingine linalowababaisha wazazi ni marimba ya Kigogo, ile ilimba ya vyuma juu ya kisanduku cha mbao. Hutoa mlio wenye mvumo kama nyuki, na mzazi hudhani chombo kimeharibika. Mvumo huo umekusudiwa: ubaoni pana tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando ndio unaotetema. Ukiugusa kwa kidole umeutoboa, na fundi itabidi atafute mwingine. Kubadilisha sauti ya chuma, hugongwa taratibu kirudi ndani au kitoke nje. Sehemu inayopigwa ikiwa fupi sauti hupanda, ikiwa ndefu hushuka. Aliyeifikisha ilimba mbali duniani ni mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, na ukoo wake umeendeleza muziki huo hapo hapo Bagamoyo. Kwa mwanafunzi wa muziki, kuwasikiliza wazee wa aina hiyo barazani kuna faida ambayo hakuna kitabu kitampa.

Baada ya onyesho, zungumza. Swali la "utaajiriwa wapi?" liache lipoe kidogo, analisikia kila likizo. Muulize kazi aliyoifanya muhula huu, na kama ni ya kuuza, muulize bei ameipataje. Hapa ndipo mzazi, hasa mfanyabiashara, ana cha kumfundisha mtoto. Chukua mfano wa picha moja: bodi na rangi 15,000, siku tatu za kazi kwa 10,000 kila siku, fremu 8,000. Jumla 53,000. Akiiuza 40,000 kwa sababu mgeni "alionekana mzuri", amemlipa mgeni aichukue. Wanafunzi wengi hawahesabu siku zao. Muulize pia kama kikundi chake kinajua taratibu za kusajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kama anajua kazi ya COSOTA katika hakimiliki. Ni mambo ya kuanza kuyafahamu angali chuoni, kabla wimbo wake haujapigwa kwenye tangazo la mtu.

Mji wenyewe unatosha siku moja kwa miguu na bajaji. Chuo kiko upande wa kusini, Mji Mkongwe katikati, misheni ya Katoliki kaskazini. Anza Kaole asubuhi kabla jua halijachoma, kama kilomita 5 kusini: magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Kitambulisho cha taifa beba, kwani kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Misheni ilianzishwa 1868; mwili wa Livingstone ulilala hapo Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Pana makumbusho ndogo inayosimulia biashara ya utumwa bila kuipaka sukari. Alasiri kaa soko la samaki utazame mnada, na uulize hali ya maji kabla ya kupanga kuogelea: siku za bamvua maji hupwa mbali mno, ukabaki unatembea kwenye tope.

Tamasha la kila mwaka la chuo ni habari nyingine kabisa. Tarehe zake huhama, kwa hiyo thibitisha na chuo kwanza ndipo uombe likizo kazini. Vyumba vya kulala hujaa mapema, na mwanao huenda akawa mshereheshaji, mpiga taa au mbeba viti, si lazima jukwaani. Kuunganisha taa na sauti nako ni somo. Usimwonee huruma.

Kwenye kununua sanaa, macho yawe makini. Kinyago kinachoitwa cha mpingo kisugue chini, mahali pasipong'arishwa, kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo: kitambaa kikiwa cheusi, umeuziwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Kipime kwa mkono pia. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Lakini hata mpingo halisi hupasuka ukitolewa pwani yenye unyevu na kuwekwa ghafla kwenye ukavu wa Dodoma au chumba chenye kiyoyozi. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki, uufungue kidogo kidogo kwa wiki tatu nne.

Picha ya mtindo wa Tingatinga hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Juu hukauka kwa siku moja, chini bado ni mbichi. Bonyeza ukingoni kwa ukucha. Ukiacha alama, iache ikae. Usiifunike kwa gazeti kwani wino utaganda juu yake, wala usilaze picha mbili uso kwa uso. Ya turubai iviringishe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 10 au zaidi. Ukiibana sana rangi hupasuka.

Ngoma ya kununua itazame kwa ndani kwa tochi ya simu. Unga mwembamba wa mbao maana yake bungua wamo, na watahamia kwenye viti vyako. Gonga ubavuni usikilize kama pana ufa. Njiani usiiweke kwenye buti la gari juani, kwa sababu ngozi itakaza kupita kiasi na kupasuka kabla hujafika Mapinga; izungushie kanga, uipakate. Gari la kurudi lipande kabla ya saa kumi na moja, uketi upande wa kushoto, jua la jioni lisije likaipiga ngoma dirishani.