Jibu: Chumba cha giza cha kuonja ugonjwa wa akili (nilishakijenga Goma)

Ndugu, umeuliza kama chumba cheusi chenye sauti za kutisha kitawasaidia vijana wa kwenu Bukavu kuelewa ugonjwa wa akili. Nilijenga chumba cha namna hiyo hapa Goma mwaka 2022, na kosa unalolipanga nililifanya lote.

Tulitundika mapazia meusi, tukaficha spika chini ya sakafu ya mbao, ikawa inanguruma. Nilijiona fundi kweli. Mama wa tatu kuingia alitoka mbio, viatu mkononi. Mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipolipuka Mei 22, 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi na watu kwa maelfu wakakimbilia mji wa Sake. Mimi mwenyewe nililala na viatu. Halafu nikawarudishia mngurumo uleule, gizani! Waliovumilia walitoka wakisema, "Maskini, hao watu ni wa kuogopa." Muuguzi mmoja aliniambia hata watafiti wamewahi kuliona hilo: ukimwonjesha mtu sauti kama anazosikia mgonjwa, huruma inaongezeka, lakini anaweza pia kutamani kukaa mbali zaidi na mgonjwa.

Aliyenisahihisha ni yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, na anasikia sauti ambazo wengine hatuzisikii tangu akiwa na miaka 23. (Kabla ya daktari alipitishwa vyumba viwili vya maombi. Hiyo ni habari ya siku nyingine.) Alizunguka chumba changu, akacheka. "Nani alikuambia naishi gizani? Mimi nazisikia saa sita mchana, kwenye foleni ya maji, jua linawaka."

Tukang'oa mapazia. Tukaweka meza na muuza unga. Mgeni anavaa hedifoni, anatumwa anunue unga na mafuta, ahesabu baki. Sauti tulizirekodi kwa maikrofoni mbili ndogo, moja kwenye kila sikio la mtu mmoja, huku wasemaji wakimzunguka. Ukisikiliza unageuka ukidhani mtu yuko nyuma ya bega lako. Maneno aliyachagua yaya, na hakuna shetani hata mmoja: "Anakuangalia. Umekosea tena. Usiguse unga huo." Katikati yake ipo sauti kama ya bibi yetu marehemu, inambembeleza ale. Hiyo ilinikata maini. Miaka yote sikujua kwamba kuna moja inayompenda.

Watu wazima, wafanyabiashara wa sokoni, walishindwa kuhesabu faranga elfu mbili. Muuzaji anawauliza kwa ukali, "We, umelewa?" Hapo nyuso zilibadilika kuliko zilivyowahi kubadilika gizani.

Dakika nne zinatosha. Mlango uwe wazi, hedifoni ivuliwe wakati wowote, na nje awepo mtu anayejua kutuliza. Aliye na historia ya kusikia sauti aongee na muuguzi kwanza. Chaji mapema simu ya kuchezea sauti, unajua umeme wetu.

Usiache mgeni aende nyumbani na sauti peke yake. Kwetu alikuwa anaketi na yaya, chai na mandazi, wanaongea mpira. Na kila mmoja yaya alimuuliza: "Baki yangu iko wapi?"

Faili za sauti usiniombe, ni mali yake. Tafuta mtu wa kwenu atunge zake, na umlipe kama unavyomlipa mwenye spika.